Kadi Inayogonga kwa Ndani

Mkasa huu ulimpata shemeji yangu, mume wa mdogo wangu anayenifuata. Sikuuokota barabarani. Alinihadithia mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu, chai inapoa mbele yake, na alipomaliza aliniomba niuandike na makosa yake yote, nisimpake rangi. Akasema nikimsitiri nitakuwa sijamsaidia. Basi sitamsitiri.

Kazi yake ilikuwa milango. Si ya mbao, ila ile inayofunguka kwa kadi. Unabandika kadi kwenye kidude kilichofungwa ukutani, kinalia tii, kitaa chake kinakuwa kijani, kufuli linaachia. Maofisini, hospitalini, kwenye maghala, kote alipita. Mtaani walimwita Fundi Tii. Watoto wakimwona tu wanamlilia tii, naye anafungua mikono yote miwili kama mlango na kuwapisha wapite. Mtu wa watu. Mtu wa ibada pia, hakosi. Lakini alikuwa na ugonjwa ambao mafundi wengi wanao na wachache wanaukiri: akikipenda kitu cha kazini, mkono wake haukiachi.

Mkewe ni mpiga chapa. Anafanyia kazi nyumbani, kwenye chumba kidogo upande wa uani, na kazi yake kubwa ni kuchapa mitihani ya shule. Swichi ya kuwashia kompyuta yake ilikuwa imekufa mwezi mzima. Ili iwake, ilibidi achokonoe tundu kwa ncha ya bisibisi, na kila asubuhi alimwambia mumewe neno lilelile, kwa upole wa kuudhi: "Mke wa fundi huyu, anawasha kompyuta kwa bisibisi." Tena mwalimu mkuu alikuwa ameshamwonya kwamba mtihani ukivuja, kazi hana. Alitaka kompyuta ambayo mgeni wala ndugu hawezi kuiwasha yeye akiwa jikoni.

Fundi alikuwa ameahidi kuiunganisha na kidude cha kadi. Ni nyaya mbili tu kutoka kwenye kidude mpaka mahali pa swichi. Ukibandika kadi inawaka, ukibandika tena inazima. Bosi wake alikuwa ameagiza vidude vipya na angemuuzia kimoja. Vingefika Jumatano. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Hapa ndipo aliponisihi nisiruke: zilikuwa siku nne tu za kusubiri.

Asubuhi hiyo alikuwa na kazi kwenye ghala la baridi, wanakohifadhi samaki na nyama. Chumba chenyewe ni kikubwa kama darasa, mlango wake mnene kama godoro, na una vidude viwili, cha nje cha kuingilia na cha ndani cha kutokea. Kulikuwa na mkono wa dharura kwa ndani, wa kufungulia mlango bila kadi, lakini meneja alishaufunga mnyororo, kwa sababu maboksi yalikuwa yanaibiwa kupitia hapo kimyakimya. Kwa hiyo kutoka ni kwa kadi tu. Kidude cha ndani kilikuwa kizuri sana, cheusi, hakijali baridi, na kinaweka kumbukumbu ya kila kadi na saa yake. Fundi alikuwa anakitamani tangu siku alipokifunga.

Mtunza ghala alikuwa mzee waliyemwita Mzee Koti, kwa ajili ya koti lake zito la rangi ya majivu. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Kila aliyeingia mle ndani akaanza kutetemeka, Mzee Koti alivua koti akamvika, hakuuliza wala hakusubiri kuombwa. Siku hiyo alimvika Fundi. Akamfunga vifungo kuanzia cha chini, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule, kisha yeye mwenyewe akasimama kwenye mlango ulio wazi, amejikunyata, akimhadithia jinsi mkewe alivyompiga marufuku chumvi.

Fundi akakifungua kile kidude kizuri, akakitia kwenye begi. Mahali pake akafunga cha zamani alichokitoa kwenye ofisi moja iliyohama.

Mzee Koti akakitazama. "Mwanangu, kipya hiki mbona kina sura ya kizee kama mimi?"

"Ni kilekile, Mzee. Nimebadilisha kava tu."

Mzee akabandika kadi yake. Kimya. Akabandika tena. Tii. Akasema kinamkataa kwanza ndipo kinamkubali, sawa na mkewe enzi za uchumba, na wote wawili wakacheka.

Sasa, kazi ile ina kanuni yake, na Fundi ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Kidude cha ndani ya chumba cha baridi hakijaribiwi mlango ukiwa wazi. Unafunga mlango, unasubiri saa nzima mpaka kiingiwe na baridi yenyewe, kisha unaingia ujaribu, na mwenzako anabaki nje. Fundi alitazama saa. Ilikuwa saa saba. Akajisemea kipya kitafika Jumatano, atakuja kubadilisha na hakuna atakayejua. Akavua koti akalitundika kwenye msumari wa kwanza aliouona, ndani ya stoo ya vifaa, akatoka upesi kama mwizi. Ni yeye aliyesema hivyo, na akaongeza kwamba neno "kama" nilifute.

Hakukifuta kumbukumbu kile kidude. Kufuta kunahitaji kadi mama, ile kadi moja inayoingiza na kuziondoa kadi nyingine zote, nayo ilikuwa kwenye droo ya meneja. Haikumsumbua. Kadi yake ya ufundi ilikuwa imo tayari, na nyingine ya akiba imo. Ya akiba akampa mkewe.

Saa tisa kila kitu kilikuwa tayari. Mkewe akabandika. Tii. Kitaa kijani, feni ikavuma, kioo kikaamka. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaizima, akaiwasha, akaizima tena, akasema bisibisi sasa istaafu na ipewe barua ya shukrani. Wakaenda kunywa chai sebuleni.

Saa kumi na dakika kumi, kule chumbani, kidude kikalia. Tii. Kompyuta ikavuma.

Wakatazamana. Kadi ya mke ilikuwa shingoni mwake. Ya mume ilikuwa mfukoni.

Tii. Ikazima. Tii. Ikawaka. Kisha harakaharaka, tii, tii, tii, kama mtu mwenye shida. Fundi akaingia, akakaza nyaya, akakipuliza, akakipangusa kwa shati. Kilinyamaza kidogo, kikaanza tena. Kufika saa kumi na moja na nusu kilikuwa kinalia polepole. Tii. Kimya kirefu. Tii. Mkewe alilalamika kwamba kichwa kinamuuma na kazi haifanyiki, na saa kumi na mbili kasoro dakika nane Fundi akakasirika, akachomoa waya ukutani.

Kikanyamaza. Alimwambia mkewe ni unyevu, kimetoka kwenye baridi, kitakauka. Lakini kidude chenye unyevu huwaka nyekundu, au hakiwaki kabisa. Kijani ni kwa kadi inayojulikana tu. Hilo alilijua. Alilijua akiwa bado ameshika waya mkononi.

Alfajiri ya Jumapili, anajiandaa kwenda kwenye ibada, meneja wa ghala akampigia simu. Mzee Koti hakurudi nyumbani. Mkewe alikwenda getini usiku, mlinzi akamwambia mzee ameshaondoka, maana kiti chake kilikuwa kitupu. Yule mama alikaa pale getini akakataa kuondoka. Ndipo wakafungua chumba cha baridi. Mzee alikuwa ameketi chini, bega limeegemea mlango, kadi iko mkononi. Daktari alikadiria kwamba alikata roho karibu na saa kumi na mbili jioni.

Fundi alipofika, mwili ulikuwa umeshachukuliwa. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa saa nyingi, joto limeingia. Kitu cha kwanza kuona ni rangi ya ukuta. Kuzunguka kidude ilikuwa imekwanguliwa mistari myembamba, mingi, na mistari ile ilikuwa inashuka chini kadiri inavyozidi, mpaka usawa wa mtu aliyekaa.

Meneja akampa kadi ya marehemu ajaribu. Pembe yake moja ilikuwa imelika, imekuwa mviringo. Akabandika. Tii, papo hapo.

"Kinafanya kazi?" meneja akauliza.

"Kinafanya kazi."

Hakusema zaidi. Koti nalo lilikutwa kwenye stoo ya vifaa, mahali ambapo mzee hakulitundika hata siku moja, na meneja akapata maelezo aliyoyataka: mzee alilewa, akasahau koti stoo, akaingia kwenye barafu akalala. Maneno hayo yalifika mtaani kabla ya jeneza. Hata mimi niliyapokea na kuyapeleka mbele kwa watu wawili watatu. Mungu anisamehe. Mzee yule alikuwa hanywi.

Msibani mjane alimwita Fundi pembeni, akamuuliza kama siku ile alimwona mumewe akiyumba. Fundi akatazama sakafu, akasema alimwacha mzima. Mama yule akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni.

"Koti lake nimelifungia sandukuni," alisema. "Wanaliita koti la mlevi. Sitaki limfikie mtu mwingine na aibu yake."

Jumatano vidude vipya vilikuja. Fundi akafunga kimoja ghalani, akakiponda kile kibovu kwa nyundo, akaomba kadi mama na kuifuta namba ya marehemu kwenye milango yote. Kadi ya marehemu yenyewe akaikata vipande viwili kwa mkasi, akavitupa kwenye pipa. Akadhani yamekwisha.

Wiki ya mitihani ikafika. Mkewe hakuweza kusubiri zaidi, ikabidi Fundi achomeke waya. Kutwa nzima kidude kilikuwa kipole. Saa kumi na dakika kumi, mkewe yuko katikati ya swali la tisa, kikalia tii na kompyuta ikamzimikia mbele ya macho.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Mkewe akajizoesha kuhifadhi kazi mapema na kukunja mikono mapajani, kama anayesubiri mgeni asiyependwa apite. Halafu akaanza kuvaa sweta mle ndani. Chumba kile ndicho kinachopigwa na jua la alasiri, watu huwa wanakikimbia, lakini yeye alitoka humo vidole vimekuwa vyeupe. Kioo cha kompyuta kilishika ukungu. Aliufuta kwa kiganja, ukarudi.

"Kidude hiki ulikitoa wapi?" alimuuliza mumewe.

"Bosi alinipa."

Uongo wake alikuwa ameacha kuuhesabu. Alisali, ndiyo. Lakini kila alipofika mahali pa kuomba msamaha, ulimi uliparuka haraka ukaendelea mbele, kama mtu anayepita nyumba ya anayemkwepa.

Siku ya tano alikichomoa kidude umeme kabisa, akampa mkewe bisibisi yake. Saa kumi na dakika kumi kikalia. Waya ulikuwa umelala sakafuni, ncha yake inaonekana.

Tii. Kijani.

Siku iliyofuata alingoja mkewe aende shuleni kupeleka kazi. Akakiunganisha kidude na kompyuta ili asome kumbukumbu yake. Orodha ikafunguka, kila mstari namba ya kadi na saa yake. Ilikuwemo ya kwake. Ilikuwemo ya mkewe. Na ya tatu. Hakuhitaji kuuliza ya nani. Ndiyo aliyoifuta kwa mkono wake.

Akapanda juu mpaka Jumamosi ile.

Saa kumi na dakika kumi. Saa kumi na dakika kumi. Saa kumi na dakika kumi. Saa kumi na dakika kumi na moja. Iliendelea hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Alihesabu kwa kidole. Mara mia moja arobaini na tatu. Ya mwisho ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Baada ya hapo hakukuwa na mstari mwingine, kwa sababu hapo ndipo alipochomoa waya.

Mzee alikuwa anabandika kadi kwenye mlango wa ghala, na kilichokuwa kinamfungukia kilikuwa huku, juu ya meza ya mpiga chapa.

Kutoka nyumbani kwa Fundi mpaka ghalani ni nusu saa kwa miguu. Alikuwa ameitwa kwa saa nzima na dakika arobaini na mbili.

Ungedhani aliinuka hapo akaenda kwa mjane. Hakwenda. Alikitia kidude kwenye mfuko pamoja na jiwe, akakitosa kwenye bwawa la machimbo, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kimeungua. Mkewe akachukua bisibisi akaenda zake kazini kwake, hatua saba kutoka jikoni.

Jumatatu Fundi alikuwa juu ya ngazi kwenye ofisi moja. Saa kumi na dakika kumi na mbili simu ikaita. Mkewe alikuwa ananong'ona.

"Mlango umegoma."

"Mlango gani?"

"Wa chumba cha kompyuta. Nimo ndani."

Mlango ule haukuwa na kufuli wala komeo, una kitasa tu. Akamwambia asukume. Akamjibu ameshasukuma. Kisha akapumua, na Fundi akasikia pumzi inavyokatika.

"Mume wangu, kuna baridi humu," alisema. "Na kuna kitu kinalia."

Alifika nyumbani saa kumi na moja. Jua lilikuwa linawaka uani, nguo kwenye kamba zimekauka kuwa ngumu. Mlango wa chumba ulikuwa unatoka jasho. Alishika kitasa, kikamuunguza kwa ubaridi, ngozi ikabaki. Akapiga bega. Ilikuwa sawa na kupiga ukuta. Akazunguka dirishani. Lina nondo, na kioo chake kilikuwa kimeganda cheupe. Akaleta mtaimbo, akatia nguvu zake zote. Mbao haikubonyea hata alama.

Kutoka ndani, tii.

Kimya kirefu.

Tii.

Aliujua mwendo ule. Ulikuwa mwendo wa saa kumi na moja.

"Uko wapi?"

"Mezani." Meno yalikuwa yanagongana. "Siwezi kuja hapo mlangoni."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu amekaa."

Fundi akapiga magoti. Akaweka mdomo kwenye mbao, akanong'ona kwamba ni yeye. Kwamba alikiiba kile kizuri akaweka kibovu. Kwamba hakujaribu mlango ukiwa umefungwa.

Tii. Mlango haukufunguka.

"Endelea," mkewe alisema kwa ndani.

Ilikuwa sauti nzito, ya mtu ambaye ulimi umekufa ganzi. Alikuwa amesikia yote. Fundi akaendelea. Akasema habari ya jioni ile, ya kijani, ya waya. Akasema habari ya orodha. Akasema habari ya bwawa. Saa kumi na moja na nusu ikapita. Alimwita mkewe, hakuitika. Akaita tena.

Tii.

Hayo aliyoyakiri hayakuwa mageni kwa aliyekaa nyuma ya mlango ule. Mzee alikuwa anayajua. Asiyejua alikuwa mwingine. Fundi akatoa simu, akaitafuta namba ya mjane, akaweka sauti kubwa na kuilaza simu sakafuni, kwenye mwanya wa chini ya mlango.

"Mama, ni mimi fundi wa milango. Mume wako hakuwa amelewa."

Akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, anaongea na simu na mlango kwa pamoja. Alipomaliza alisubiri. Kitasa kilikuwa bado kimeganda. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

"Na koti?" mjane akauliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio uliomtisha. "Kama hakulewa, koti lilifikaje stoo?"

Hili hakuwahi kumwambia mtu. Hata kwenye sala hakuligusa. Kwa siku zote zile alikuwa amelizungushia njia ndefu, asilione.

"Alinivika mimi," alisema. "Nilikuwa natetemeka. Wakati wa kuondoka nililitundika stoo. Sikumrudishia mkononi."

Mjane alipumua mara mbili.

"Basi alilitafuta," alisema.

Tii.

Kitasa kikazunguka chenyewe. Mlango ukaja polepole, bila nguvu, na baridi ikamiminika kwenye miguu ya Fundi kama maji. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika nane.

Mkewe hakuwa mezani. Alikuwa sakafuni pale pale mlangoni, ameketi, bega limeegemea fremu. Midomo imepauka. Macho yamefumba. Fundi akaweka sikio kifuani pake, na hapo ndipo alipogundua ameweka sikio kwenye kitambaa kinene, kizito, cha rangi ya majivu. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa, mpaka cha shingoni.

Alikuwa hai.

Jioni ileile, alipoweza kusimama, walikwenda wote wawili kwa mjane, mke amelivaa vilevile kwa sababu hakuna aliyethubutu kulivua. Mama yule alifungua mlango akasimama. Hakulia. Aliingia ndani, akafungua kamba shingoni, akatia ufunguo kwenye sanduku. Kufuli lilikuwa zima. Ndani, gazeti alilofungia koti lilikuwa bado limekunjwa kwa umbo la koti, mabega na mikono. Alilibonyeza kwa kidole, likalala.

"Alikuwa hawezi kuona mtu anatetemeka," alisema.

Kisha akamuuliza mdogo wangu ni nani aliyemfunga vifungo. Mdogo wangu alijibu kwamba hakuona. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshakufa. Anakumbuka vidole tu, vya baridi kuliko baridi yenyewe, vina subira, vikianzia kifungo cha chini.

Kesho yake Fundi alikwenda kwa meneja, kisha polisi, akaandikisha kila neno. Mnyororo kwenye mkono wa dharura uliondolewa siku hiyohiyo. Kazi hana tena, na kesi inaendelea, halalamiki. Ibada iliyofuata alisimama mbele ya watu wote akalisafisha jina la Mzee Koti kwa kinywa chake, na mimi nilisimama nyuma yake, kwa ajili ya wale watu wawili watatu. Mdogo wangu anaendelea kuchapa. Anawasha kwa bisibisi. Saa kumi na dakika kumi hutoka nje kukaa juani, hata kama hakuna kinacholia.

Koti lilibaki kwa mjane. Alilianika kwenye kamba likauke kabla ya kulirudisha sandukuni. Wiki iliyopita nilipita kumsalimia nikalikuta bado liko kwenye kamba, ni mwezi wa pili sasa. Nikamuuliza kwa nini halianui, akaniambia nilishike. Nikalishika. Kwa nje lilikuwa la moto, limelala juani kutwa. Nikapitisha mkono wangu ndani ya mkono wa koti.

Nikautoa upesi, vidole vimekuwa vyeupe.